Alichokiona Askari wa Kilimani

Siku Ta Polikarpi alipokuja kujaribu meno yake ya bandia kwa mara ya pili, Adventina alikuwa amesahau kuwaficha askari.

Walikuwa dirishani, kwenye sinia la bati, pamoja na meno. Upande mmoja zilipangwa taya za watu wa Nkwenda na vijiji vyake, za juu na za chini, zikisubiri kung'arishwa. Upande wa pili walisimama wanaume wadogo wenye bunduki, kila mmoja hapiti nusu ya kidole, na wote walikuwa na rangi ya waridi, kwa kuwa walitoka kwenye unga uleule wa kutengenezea fizi. Ta Polikarpi, ambaye watu walimwita Ta kwa heshima ya umri kama ilivyo desturi ya huko, aliinama akawatazama kwa muda, mdomo wake ukiwa mtupu.

"Haya mengine nayaelewa," akasema. "Hawa je, watavaliwa na nani?"

Adventina alicheka hadi akakiweka chini kisu chake cha kuchongea nta. Angeweza kumdanganya kwamba ni vitu vya watoto, kama alivyozoea kuwaambia wengine. Lakini alikuwa na udhaifu mmoja tangu utotoni: mtu akimuuliza jambo kwa kutaka kujua kweli, hakuweza kumnyima jibu.

"Hawavaliwi, baba. Wanapigana. Njoo uone."

Akavuta pazia la chumba cha nyuma.

Yote yalianza msimu mmoja wa masika, mvua ilipowazuia wateja wasitoke vijijini. Akiwa amekaa bila kazi, Adventina aliona kwenye simu video ya mtu wa nchi za mbali akipaka rangi jicho la askari mdogo kuliko punje ya hindi. Aliirudia video ile mara nyingi, akatazama mikono yake, akatazama meza yake ya kazi. Nta ya kuchonga alikuwa nayo. Jasi ya kutengenezea umbo alikuwa nayo. Alijua kuchonga jino lenye mabonde na vilima vyake. Kofia ya askari ingemshindaje? Wa kwanza alitoka na pua kubwa kama ya fisi. Wa kumi alikuwa na vifungo vya shati.

Rangi alizinunua kwa Hanifu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi upande wa pili wa soko. Hanifu alikuwa mzaliwa wa Nkwenda, ingawa babu yake alitoka Pangani, na alikuwa mtu asiyeweza kulala akiwa na fumbo. Mwanamke gani hununua rangi ya kijani, ya kahawia na nyeusi, kila moja kikopo kidogo kabisa, na mwezi mzima hakuna mlango wala dirisha linalopakwa? Siku moja alimfuata hadi kwenye karakana ili aone. Tangu siku hiyo, kila Jumapili Adventina akitoka kanisani, Hanifu alikuwa anamsubiri mlangoni pa karakana na dadu mfukoni.

Sasa Ta Polikarpi alisimama mbele ya meza iliyojaza chumba kizima. Vilima vilichongwa kutokana na yale maboya meupe yanayoletwa na televisheni ndani ya boksi, vikapakwa gundi na kunyunyiziwa udongo uliochekechwa. Nyasi zilikuwa vumbi la mbao lililochovywa kwenye rangi. Migomba ilikatwa jani kwa jani kutoka kwenye majani makavu ya migomba yenyewe. Katikati ulipita mto wa vanishi iliyomiminwa tabaka juu ya tabaka, hadi ukiutazama ungeapa kwamba una kina. Askari waliokwisha kupakwa rangi walisimama kila upande, wa Tanzania kusini, wa Uganda kaskazini, na mikunjo ya nguo zao ilionekana, kwa kuwa Adventina aliwamwagia rangi nyeusi nyepesi kama chai ikatuama kwenye mifereji, kisha akapitisha brashi iliyokaribia kukauka juu ya magoti na mabega.

Mzee aliizunguka meza polepole. Akaizunguka tena. Akasimama penye kona ya mto.

"Hii ni Kagera," akasema. "Na hapa ni Nyabihanga."

"Umejuaje?"

"Unavyojikunja. Na kilima hiki." Alikinyooshea kidole bila kukigusa. "Watu wako wapi?"

"Si hawa?"

"Hawa ni askari, mwanangu. Nauliza watu."

Adventina aliitazama meza yake upya. Alikuwa ametengeneza vita vya Kagera vizima, na malori, na mitaro, na hata ng'ombe wawili wa kupamba, lakini hakuwa amemtengeneza hata mtu mmoja aliyekuwa anaishi pale.

Ndipo Ta Polikarpi alipovuta kigoda akakaa, akasimulia. Kijiji chao kilikuwa ng'ambo, kaskazini ya mto. Wanajeshi wa Idi Amin walipoingia, mwishoni mwa mwaka sabini na nane, yeye alikuwa mvulana aliyeanza kuota ndevu. Baba alikuwa amekufa zamani. Mama alifunga sufuria na shuka kwenye nguo, wakatembea wakijificha kwenye vibanja, mashamba ya migomba ya watu waliokwisha kukimbia. Walifika mtoni kunakucha. Mtumbwi ulikuwa umekwenda ng'ambo na watu wengine, wakalazimika kuungoja kwenye ukingo ulio wazi, kando ya jiwe kubwa.

"Juu ya kilima alisimama askari mmoja na bunduki yake," alisema. "Aligeuka akatutazama. Mama alinishika mkono, nikahisi kucha zake. Yule askari alitutazama hivi, kisha akatupa mgongo. Akabaki ametupa mgongo hadi mtumbwi ulipokuja. Mama alisema, 'Huyo naye ana mama.' Tulivuka, tukapokelewa Kituntu na watu tusiowajua, baadaye tukaja huku kwa mjomba. Na kila mwaka hadi anakufa mama aliomba misa kwa ajili ya askari yule. Sasa naomba mimi. Padri husoma nia altareni: kwa ajili ya askari tusiyemjua jina."

Kisha akauliza kama mtu anayeuliza njia, "Je, mchezo huu mtu mzima anaruhusiwa kujifunza?"

Jumapili iliyofuata alifika na shati la kanisani. Hanifu alimwamkia shikamoo, akamweleza kanuni moja baada ya nyingine: askari anatembea urefu wa rula hii, anapiga kwa dadu hizi. Alipofika kwenye swali la upande, alimwachia mzee achague, akidhani anajua jibu.

"Waganda," akasema Ta Polikarpi.

Hanifu na Adventina wakatazamana.

"Upande wetu naujua, niliuishi," mzee akasema. "Ninachotaka kujua ni wao waliona nini."

Akachukua askari mmoja wa Uganda, akamsimamisha juu ya kilima cha Nyabihanga. Adventina naye alikuwa amefanya kazi wiki nzima. Alifungua kiboksi akatoa mwanamke mwenye mzigo kichwani na mvulana mwembamba kando yake. Nguo ya mwanamke aliipaka bluu, kwa kuwa alimuuliza mzee kwa simu akaambiwa bluu. Akawaweka ukingoni mwa mto, kando ya kokoto aliyoifanya jiwe. Ta Polikarpi aliinama akawatazama wale wawili.

"Haya," akasema. "Anatuona?"

Kwa swali hilo walikuwa na uzi. Ndiyo ilikuwa kanuni: unashika ncha moja kwenye kichwa cha askari, unaivuta nyingine hadi kwa anayetazamwa, na uzi ukigusa ardhi njiani, haoni. Hanifu alishika ncha ya juu, Adventina akashika ya chini. Uzi ulinyooka, ukashuka, na kabla ya kufika mtoni ukalala juu ya bega la kilima, pale kilipotokeza kama goti.

"Umegusa," akasema Hanifu. Katika kanuni Hanifu hakumwonea haya mtu. "Hapa haoni kitu, mzee. Goti hili linamzuia kuona."

Mzee alipiga magoti sakafuni, akaweka kidevu juu ya meza nyuma ya askari wake, akafumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu.

"Kweli," akasema. "Naona ng'ambo. Ukingo wetu siuoni."

Aliinuka akajifuta magoti. Alicheza zamu kadhaa, akaaga mapema. Siku aliyopangiwa kuchukua meno, hakuja. Wala iliyofuata.

Jambo lile lilimkaa Adventina kooni kama mwiba wa samaki. Kila akipita chumba cha nyuma aliliangalia lile goti la kilima. Alikuwa amelichonga yeye, lakini kwa kufuata nini? Ramani ya kwenye simu ilimwonyesha mahali kilima kilipo, haikumwonyesha umbo lake. Alijaribu kukumbuka siku aliyokichonga, na alichokumbuka ni kwamba boya lilikuwa limemeguka upande mmoja, naye akaona limemeguka vizuri, akaliacha. Basi huenda goti lile lilikuwepo kweli na askari hakuona kitu, au huenda ni boya tu la televisheni ya mteja fulani. Hakujua ni lipi. Kutojua kulimchosha kuliko kosa lenyewe.

Alipanda bodaboda na meno ndani ya kiboksi, akaenda hadi kwa Ta Polikarpi. Alimkuta uani akigeuza kahawa kwenye mikeka. Mkewe, Ma Jovitha, alimkaribisha kwa ndizi na maharage, na mzee alivaa meno mapya akatafuna bila kulalamika popote.

"Hukuja kuyachukua," Adventina akasema.

"Sina hasira na wewe. Mimi mwenyewe ndiye niliyeuliza." Aligusa fizi kwa ulimi, akiizoea. "Ila tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza: mama yangu alikuwa anamwombea nani? Mtu aliyegeuka kuwasha sigara?"

"Kilima kile nilikichonga bila kukiona," akasema Adventina. "Twende tukakione."

"Na tukikuta goti lipo?"

"Tutakuwa tumejua. Mimi naona afadhali kujua, baba."

"Wewe hukubebwa na jambo hilo miaka yote hii. Ni rahisi kwako kuona afadhali."

Lilikuwa neno la haki, na Adventina alilikubali kwa kuinamisha kichwa. Ni Ma Jovitha aliyelikata, akiwa anakusanya sahani.

"Nenda, Polikarpi. Usiku unageuka kitandani kama samaki kikaangoni, mimi ndiye nisiyelala. Na misa usizililie. Kama si huyo zilimfikia mwingine; Mungu hakosi anwani."

Walikwenda kwa kirikuu ya Hanifu, gari lake dogo la mizigo, asubuhi ya siku ambayo soko halikuwa na watu. Adventina alibanwa katikati, mzee dirishani. Walipopita Ihanda, wanaume walikuwa wanasukuma baiskeli zilizobeba mikungu ya ndizi hadi zisionekane magurudumu, na Ta Polikarpi akaanza kuzungumza. Akasimulia juu ya mjomba, juu ya mvua, juu ya kila kitu isipokuwa walikokuwa wanakwenda. Walivuka daraja la Kyaka, wakaiacha lami, wakafuata njia ya ng'ombe hadi kirikuu ikakataa. Wakashuka wakatembea.

Mto ulikuwa mpana kuliko vanishi ya Adventina, na ulikuwa na sauti. Hilo hakuwahi kulifikiria. Mzee aliwapeleka ukingoni moja kwa moja, kama anayekwenda chooni kwake gizani. Jiwe lilikuwepo. Lilikuwa dogo kuliko alivyolisimulia, akalizunguka akilidharau kidogo.

"Mama alikuwa hapa. Mimi hapa." Kisha akamgeukia Adventina. "Kaa wewe mahali petu. Mimi nataka kuwa yeye."

Alipanda na Hanifu. Adventina alikaa kando ya jiwe na kutazama juu. Kilima alikikuta si chake kabisa: kilikuwa kirefu zaidi, na upande wa mto kilishuka kwa mteremko mmoja wa mawe, ila mahali fulani palikuwa na kichaka kizito, na kutokea chini hakuweza kujua kama nyuma ya kichaka ni bonde au ni goti. Alijikuta anaogopa kwa niaba ya mtu mwingine, jambo linalochosha kuliko hofu yako mwenyewe.

Ta Polikarpi alitokea kileleni. Kutoka pale alikuwa na kimo kilekile cha watu wa mezani kwake. Angeweza kumfunika kwa ukucha. Alisimama bila kutikisika. Adventina alipunga mkono. Juu hakuna kilichojibu. Akapunga tena.

Simu ikalia.

"Umevaa kitenge cha njano," ilisema sauti ya mzee, akihema. "Mkono ulioinua ni wa kulia."

"Unaniona?"

"Chuchumaa."

Akachuchumaa.

"Nakuona. Lala nyuma ya jiwe."

Akalala, shavu kwenye udongo, akisikia harufu ya matope na mavi ya ng'ombe.

"Nakuona miguu. Kiatu kimoja kimekutoka."

Kweli kilikuwa kimemtoka. Adventina alianza kucheka, akasikia kwenye simu kwamba mzee hacheki. Nyuma yake Hanifu alikuwa anazungumza, akisema miaka ni mingi, pengine zamani palikuwa na miti, na ushahidi wa macho ya leo si wa jana. Mzee akamjibu bila kuondoa simu mdomoni, "Haya ni mawe, Hanifu. Mawe hayaoti."

"Adventina."

"Naam, baba."

"Si wewe tu. Kutoka hapa naona ukingo wote. Naona njia tuliyojia, hadi kule ilikoingia kwenye migomba. Siku ile watu walikuwa wanavuka tangu alfajiri, na nyuma yetu walikuwa wengine. Sisi tulidhani alituona sisi. Huyu mtu aliona kila mmoja."

Aliposhuka alikuwa na vumbi hadi magotini, na macho mekundu, lakini alitembea haraka kuliko alivyopanda. Walikula mihogo ya kuchoma nyuma ya kirikuu, na maswali yakaanza kumtoka, hili likilipanda lile. Alikuwa peke yake kweli, au wenzake walikuwa chini upande wa pili wanakunywa chai? Kama walikuwepo, aliwaambia nini kila walipomuuliza kuna nini huko mtoni? Alirudi kwao? Alimsimulia mkewe? Hanifu akasema huenda alikuwa muoga tu, ameogopa kupiga risasi zisijibiwe kutoka ng'ambo.

"Huenda," akasema Ta Polikarpi. "Hata muoga anaombewa misa."

Wiki ile Adventina alichukua kisu akakata kilima. Punje nyeupe ziliruka zikamjaa nywele na mikono. Alikiinua, akakinyoosha mteremko wa mbele, akabandika changarawe aliyoiokota kulekule. Kisha akaketi kuchonga nta: mwanamke mjamzito, mzee mwenye fimbo, mtu aliyebeba cherehani, mbuzi. Alipomaliza kuwapaka rangi walikuwa wengi kuliko askari, ikabidi malori mawili yaondolewe mezani ili wapate nafasi.

Jumapili, mzee alichukua tena upande wa Uganda. Uzi uliponyooshwa haukugusa kitu.

"Anaona," akatangaza Hanifu, akamsogezea dadu. "Anaona wote. Piga, mzee."

Ta Polikarpi hakuzigusa. "Na asipotaka?"

"Asipotaka nini? Askari akimwona adui anapiga. Ndiyo kanuni."

"Hawa si maadui. Wewe umewahi kumwona adui kabeba cherehani?"

"Basi dadu iamue. Ikitoka sita, anawaachia."

"Hapana," mzee akasema. Hakupandisha sauti. "Yule hakurushiwa dadu. Aliamua mwenyewe."

Hanifu alikuna kidevu. Kanuni isiyo na gharama, alisema, si kanuni. Kama kila askari ataamua tu, mchezo utakufa. Adventina akasema gharama ipo: askari aliyeona na hataki kupiga, sharti asimame palepale, asisogee, asifanye lolote lingine, na awazuie wenzake wasifike kileleni maana wakifika wataona. Hanifu akauliza atawazuiaje. Hapo wote watatu wakakwama, wakaanza kubishana wakikatizana, huku Ta Polikarpi akitafuna buni za kahawa alizokuja nazo kwenye karatasi, akiwagawia na wao. Walijaribu hivi, ikawa rahisi mno. Walijaribu vile, askari akakamatwa na wenzake katika zamu ya pili, na mzee akakataa kuendelea hadi warudie mwanzo.

Adhana ya alasiri ilipolia, Hanifu alisema anakwenda kuswali na atarudi, mtu asiguse chochote. Adventina akainuka kuweka chai jikoni. Aliporudi na vikombe alimkuta mzee amepiga magoti tena, kidevu juu ya meza. Safari hii hakuwa nyuma ya askari wa kilimani. Alikuwa upande wa pili wa kilima, chini, nyuma ya wenzake watano wa yule askari, waliokusanyika kando ya lori, akitazama juu.

"Wanaona nini hao?" akauliza Adventina, akipiga magoti kando yake.

"Wanamwona yeye tu," akasema Ta Polikarpi. "Uso wake wanauona vizuri. Njoo utazame, halafu uniambie wewe ungemuuliza nini."